Kwenda Kuwaona Nyangumi wa Nundu Malindi na Watamu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Julai hadi Oktoba, nyangumi wa nundu hufika pwani yetu ya Kenya kutoka katika maji ya baridi yanayolizunguka bara la Antaktika. Hawaji kutafuta chakula, kwani wakiwa huku hula kidogo sana au hawali kabisa, na huishi kwa shahamu waliyoiweka mwilini wakati wa kiangazi cha kusini. Huja kutafuta wenza na kuzaa. Mimba yao huchukua kati ya miezi 11 na 12, kwa hiyo jike aliyeshika mimba katika maji ya joto msimu mmoja huweza kurudi kujifungua katika maji hayo hayo msimu unaofuata.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo linalopaswa kuongoza kila uamuzi wa safari. Watu wa pwani tunazijua adabu za kwenda kumtazama mzazi na mtoto wake: hatuingii kabla ya kubisha hodi, hatujazani chumbani, hatupigi makelele, na hatukai mpaka mwenye nyumba achoke. Nyangumi anayekuja Malindi na Watamu yumo katika hali hiyo hiyo ya uzazi, na mgeni anayekwenda kumwona aende akilijua hilo tangu siku anapopanga safari.

Hatua ya kwanza: Chagua mwezi kwa kuufuata upepo

Nyangumi huanza kuonekana Julai, na miezi mizuri zaidi ni Agosti na Septemba. Hata hivyo, nyangumi kuwapo baharini ni jambo moja, na wewe kuweza kutoka kwenda kuwaona ni jambo jingine. Julai upepo wa kusi, unaotoka kusini, huwa umepamba moto. Bahari ya nje ya mwamba wa matumbawe huchafuka, na ziko siku ambazo hata wavuvi wenye vyombo madhubuti hubaki bandarini. Kwa mtu anayetoka mara ya kwanza, au anayesafiri na watoto au wazee, ushauri wangu ni kwamba atafute nafasi kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, kusi inapolegea na nyangumi bado ni wengi. Oktoba, upepo wa matlai, yaani wa kutoka mashariki, unapoingia, bahari huwa tulivu na macho hufika mbali, lakini nyangumi wengi huwa wameshaanza kurudi kusini. Wanaokawia zaidi ni majike wenye ndama, kwa kuwa ndama lazima anyonye na apate nguvu kabla ya kuanza safari ya maelfu ya kilomita.

Mwezi wowote utakaouchagua, weka siku tatu za kukaa, na boti uiwekee nafasi siku ya kwanza. Upepo ukikataa siku hiyo, utakuwa na siku mbili za akiba. Wengi waliorudi Nairobi bila kuona kitu ni wale waliokuja kwa siku moja.

Nitaje pia kosa moja linalowachanganya wageni. Papa shilingi, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, si nyangumi, na msimu wake katika maji yetu ni wakati wa kaskazi, yaani upepo wa kutoka kaskazini, hasa kati ya Novemba na Machi. Wazee husimulia kwamba Mungu alipomwumba alipendezwa naye mno, hata akaamrisha amwagiwe sarafu mgongoni, na hayo ndiyo madoa meupe tunayoyaona. Anayetamani kumwona huyo apange safari nyingine.

Hatua ya pili: Hesabu maji kabla ya kuhesabu fedha

Mgeni kutoka bara huuliza bei kwanza, na mwenyeji huuliza mwezi uko siku ya ngapi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Kati ya nyakati hizo mbili huja maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Siku za bamvua katika pwani ya Kenya, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika mita 4. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kwani kujaa huangukia karibu saa 4 asubuhi na tofauti yenyewe ni ndogo. Kila siku saa hizi husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Hesabu hii ina maana kubwa kwa sababu ili kuwafikia nyangumi, boti hutoka kupitia mlango, yaani pengo lililo katika mwamba wa matumbawe. Asubuhi ya bamvua maji hukimbilia nje kwa nguvu wakati upepo wa kusi unavuma kuelekea pwani, na viwili hivyo vikikutana mlangoni huinua mawimbi mafupi, yenye mgongo mkali, yanayotisha na kulowesha kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu. Nahodha mzuri huvuka mapema, kabla upepo haujaamka, au husubiri. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye hofu ya bahari achague siku za maji mafu. Anayetaka siku moja imtoshe kwa nyangumi na matumbawe pia, achague siku za karibu na bamvua, kwa kuwa atatoka saa 12 asubuhi na kurudi ndani ya mwamba maji yakiwa yamepwa, na huo ndio wakati mzuri wa kutazama matumbawe.

Hatua ya tatu: Amua utatoka Malindi au Watamu

Malindi iko takriban kilomita 120 kaskazini ya Mombasa kwa barabara, na ina uwanja wa ndege. Anayekuja kwa treni kutoka Nairobi hushukia Mombasa na kuendelea kwa matatu au basi. Anayekwenda Watamu hushuka Gede, kisha huchukua matatu, tuktuk au bodaboda hadi ufukweni.

Mji wa Malindi una masoko, misikiti ya kale, vyakula vya kila namna na malazi ya bei zote. Kwa ajili ya nyangumi, hata hivyo, mimi hutoka Watamu. Sababu ni umbo la sakafu ya bahari. Kuanzia Watamu kwenda kusini, kilindi, yaani maji ya kina kirefu, kiko karibu na pwani, na boti haihitaji kusafiri mbali kabla ya kuyafikia maji ya rangi ya buluu iliyokoza ambamo nyangumi hupita. Kaskazini ya Malindi, kuelekea ghuba ya Ungwana, sakafu hushuka polepole na kilindi kiko mbali sana. Ukilala Malindi bado unaweza kuamka saa 10 alfajiri na kuwahi boti ya Watamu bila shida, mradi umemweka dereva wa tuktuk au teksi tangu jana yake.

Hatua ya nne: Chagua nahodha, kisha ndiyo uchague boti

Hapa ndipo safari hufanikiwa au huharibika. Boti za kuwaona nyangumi ni za aina mbili kuu. Zipo zile za uvuvi wa kitalii, zinazotumika msimu mwingine kwa kuvua jodari na sulisuli. Hizi zina injini mbili, redio ya mawasiliano na kivuli, na manahodha wake hulijua eneo la kilindi kwa undani. Zipo pia boti za vikundi vya wenyeji, nyingi zikiwa zile zenye sakafu ya kioo, ambazo ni nzuri sana ndani ya mwamba lakini si zote zinazofaa kuvuka mlango wakati wa kusi. Usikubali boti ya kioo yenye injini moja kwa safari ya nje, hata ukipunguziwa bei kwa nusu.

Nenda ukamwone nahodha mwenyewe siku moja kabla, alasiri, vyombo vikiwa vimerudi. Mwamkie kama anavyostahiki, kaa chini, zungumza naye. Maswali ya kuuliza ni haya: je, chombo kina cheti cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na kinaruhusiwa kubeba watu wangapi? Kuna majaketi ya kuokoa maisha ya kila abiria, pamoja na ya saizi ya watoto? Omba uyaone kwa macho, uyaguse mikanda yake, kwa sababu jaketi lililofungiwa chini ya sanduku la samaki halimsaidii mtu. Injini ya pili ipo na inawaka? Redio inasikika? Simu za mkononi hupoteza mtandao boti ikienda mbali, kwa hiyo redio si pambo. Nani nchi kavu anajua mnatoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi?

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi: "Tukimwona nyangumi, utafanya nini?" Nahodha mmoja mzee wa Watamu nilimwuliza hivyo baada ya shikamoo na marahaba. Akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, nikimwona nitapunguza moto, nitasimama mbali, yeye akitaka atakuja. Na upepo ukizidi pale mlangoni ninarudi, na fedha ya mafuta sitakurudishia yote. Ukikubali hivyo, alfajiri njoo." Nilikubali, na tangu siku hiyo nimetoka naye kila msimu. Nahodha anayekuahidi kwamba nyangumi ataonekana bila shaka yoyote, au anayejisifu kwamba atakufikisha mpaka umguse, mshukuru kwa muda wake na uende kwa mwingine.

Bei hutegemea ukubwa wa boti, mafuta na idadi ya abiria, na kikundi kikigawana gharama mtu mmoja mmoja hupata nafuu kubwa. Jambo la kuelewana mapema ni kama bei inajumuisha ada ya kuingia mbuga ya bahari, chakula na maji ya kunywa, na nini kitafanyika safari ikiahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa. Andikianeni ujumbe wa simu ili pasiwe na mabishano ufukweni mbele ya watoto.

Hatua ya tano: Lipa ada, na uache plastiki nyumbani

Mbuga za Bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka wa 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za aina yake barani Afrika, na mwaka wa 1979 eneo hilo likatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira. Kuna tofauti ambayo mgeni anapaswa kuifahamu. Ndani ya mbuga hakuna kuvua kwa namna yoyote. Katika hifadhi pana inayozizunguka mbuga hizo, wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa njia za kienyeji. Nyangumi wengi huonekana nje ya mwamba, lakini boti ikipita au kusimama ndani ya mbuga, ada inadaiwa. Hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, na si kwa fedha taslimu. Viwango hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Lipa usiku wa kuamkia safari, mtandao ukiwa mzuri, na uhifadhi risiti katika simu.

Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji, vikombe, mirija na vyombo vingine vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini Kenya. Jaza maji yako katika chupa ya chuma au kibuyu cha kudumu.

Hatua ya sita: Jiandae mwili

Kuchafukwa na bahari si aibu, na huwapata hata waliozaliwa ufukweni. Kitu kinachosababisha ni ubongo kupokea habari mbili zinazopingana: sikio la ndani linahisi mwendo, ilhali macho yanatazama kitu kisichosogea, kama simu au sakafu ya boti. Kwa hiyo, tiba ya kwanza ni kutazama upeo wa bahari na kukaa karibu na katikati ya chombo au nyuma kidogo, ambapo mtikisiko ni mdogo kuliko kule omoni, yaani mbele ya chombo. Kama unatumia dawa, imeze karibu saa moja kabla ya kutoka, baada ya kumwuliza mfamasia, hasa ikiwa ni kwa mtoto au mama mjamzito. Usitoke na tumbo tupu. Kipande cha mkate au viazi vitamu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa vinatosha; mahamri ya mafuta na mbaazi za nazi yasubiri mpaka mrudi.

Vaa nguo nyepesi ya mikono mirefu, kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni, na jaketi la kuzuia upepo, kwani alfajiri ya Agosti baharini ina baridi ambayo mtu aliyeko mjini haitarajii. Kikoi au kanga hufaa kujifunika, kujifutia na kumfungia mtoto kivuli. Mafuta ya kujikinga na jua yapakwe nusu saa kabla ya kutoka, na ukiweza funika ngozi kwa nguo badala ya kupaka mafuta mengi, kwa sababu baadhi ya kemikali zake huyadhuru matumbawe. Darubini ndogo ina faida kubwa kuliko kamera kubwa. Simu na funguo zitie katika mfuko usiopenya maji.

Hatua ya saba: Baharini, jifunze kutazama

Mkishavuka mlango, nahodha atapunguza mwendo na kila mtu apewe upande wake wa kutazama. Gaweni bahari kama saa ya ukutani: omo ni saa 12, tezi, yaani nyuma, ni saa 6, kulia ni saa 3 na kushoto ni saa 9. Anayeona kitu ataje saa na umbali, asipige ukelele na kunyosha kidole tu, kwa maana boti ikizunguka kidole hicho hakina maana tena.

Usitafute mwili wa nyangumi. Tafuta pumzi yake. Nyangumi wa nundu anapotoa pumzi, mvuke hupanda kiasi cha mita 3 hivi, mnene kama kichaka, na jua la asubuhi likiwa mbele yako mvuke huo hung'aa kabla ya kupeperushwa. Upepo ukiwa mwingi, mvuke hutawanyika upesi na vilele vyeupe vya mawimbi huyadanganya macho. Wimbi hata hivyo huvunjika na kuanguka, na pumzi hupanda. Alama nyingine ni kiraka laini cha maji, kama mafuta yaliyomwagika, ambacho nyangumi hukiacha juu anapopiga mkia chini yake. Ukiona viraka kadhaa vimepangana mstari mmoja, umejua anakoelekea.

Mara nyingi hupumua mara kadhaa kwa vipindi vifupi, kisha huukunja mgongo, nundu ndogo iliyompa jina huonekana, na mkia huinuka na kuzama wima. Hapo tazama saa. Atakuwa chini kwa dakika 5 hadi 15, pengine zaidi, na kwa muda wote huo injini inaweza kulala. Wageni wengi huchoka dakika ya 6. Kaeni.

Mkubwa wake ana urefu wa mita 12 hadi 16 na uzito unaoweza kufika tani 30 au zaidi, na mapezi yake ya mbavuni hufika karibu theluthi ya urefu wa mwili. Hakuna nyangumi mwingine mwenye mapezi marefu kiasi hicho. Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hivi na uzito unaokaribia tani moja. Nyangumi wa nundu huweza kuruka mwili mzima ukatoka majini, huyapiga maji kwa pezi au kwa mkia, na mara nyingine husimama wima na kutoa kichwa kutazama. Kama boti ina kinasa sauti cha majini, omba kishushwe: madume huimba, na wimbo wao ni mrefu, una beti zinazorudiwa kwa mpangilio, na madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja unaobadilika kadiri miaka inavyopita. Mimi niliusikia kwa mara ya kwanza tukiwa tumezima injini nje ya Watamu, na watu tisa tuliokuwamo hakuna aliyesema neno mpaka ulipokatika.

Hatua ya nane: Adabu za kumkaribia

Katika safari yangu ya kwanza, miaka mingi iliyopita, tulimwona jike na ndama wake. Nilimhimiza nahodha, kijana aliyetaka kutufurahisha, aongeze moto. Boti mbili nyingine zikaja kwa upande wa pili. Yule mama aligeuka, akamsukuma mtoto ubavuni, wakazama. Walipoibuka, ndama alikuwa akipumua harakaharaka, na sisi tukawafuata tena. Tuliwafuata hivyo karibu nusu saa. Ndama aliyechoka hanyonyi vizuri, na mama yake, ambaye huenda hajala kwa miezi, hutumia kwa kukimbia ile shahamu ambayo ingekuwa maziwa. Nililijua hili baadaye, na nimeandika mwongozo huu ili mwingine asifanye nililolifanya.

Taratibu zinazokubalika pengi duniani ni hizi. Mkiwa bado mbali, punguzeni mwendo hadi mwendo wa mtu anayetembea. Mkaribieni kwa ubavu, mkienda sambamba naye, na kamwe msimjie kwa mbele wala kwa nyuma moja kwa moja, kwa kuwa mkimjia kwa mbele huona kama anazibiwa njia, na mkimjia kwa nyuma huona kama anafukuzwa. Msimame umbali usiopungua mita 100, na zaidi ya hapo mkiona ndama. Msiingie kati ya mama na mtoto hata kama nafasi inaonekana kubwa. Boti zisizidi tatu kwa kundi moja. Mkikuta tatu zipo, subirini mbali au tafuteni wengine, na mkiwa wa kwanza kufika, msikae zaidi ya nusu saa ili na wengine wapate zamu. Nyangumi akija mwenyewe mpaka karibu na chombo, nahodha aitoe injini katika gia, aiache itulie, na asisogee mpaka mgeni huyo aondoke. Hakuna kuogelea naye, hakuna kumrushia chakula, na hakuna kurusha droni bila vibali.

Akibadili mwelekeo ghafla mara kwa mara, akikaa chini muda mrefu kuliko kawaida, au akiyapiga maji kwa mkia kwa nguvu mfululizo mkiwa karibu, amewaambia mwondoke. Mwambie nahodha kwa upole: "Nahodha, tumeshamwona, tumpishe." Ni abiria wenye uwezo wa kusema hivyo, kwa sababu nahodha mara nyingi hufukuza akidhani ndilo walilolilipia.

Tukumbuke kwamba katika karne ya 20 zaidi ya nyangumi wa nundu laki mbili waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Uwindaji wao wa kibiashara huko kusini ulipigwa marufuku mwaka wa 1963, na mwaka wa 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi ya nyangumi. Wameongezeka tena kwa sababu waliachwa.

Hatua ya tisa: Piga picha yenye kazi

Picha yenye thamani kuliko zote ni ya upande wa chini wa mkia anapozama. Weusi na weupe wa hapo, pamoja na makovu na ukingo wake, hutofautiana kwa kila nyangumi kama alama za vidole vya mtu. Andika tarehe, saa, mahali kwa kutumia ramani ya simu, idadi yao na kama kulikuwa na ndama. Watamu kuna Watamu Marine Association, chama cha kuhifadhi bahari, na tangu mwaka wa 2011 kumekuwa na Kenya Marine Mammal Network, inayokusanya habari za nyangumi na pomboo zinazoonekana katika pwani nzima. Nahodha wako huenda anawajua. Mpe picha azipeleke, au zipeleke mwenyewe. Mvuvi au mtalii mmoja mwenye simu huweza kuongeza jambo ambalo mtafiti hakuwapo kuliona.

Ukimkuta nyangumi, pomboo au kasa amenaswa na wavu au amekwama ufukweni, usijaribu kumkata kamba wala kumburuta kumrudisha majini. Piga simu kwa KWS, watenge watu na mbwa mbali, na usiruhusu maji wala mchanga kuingia katika tundu la pumzi.

Hatua ya kumi: Saa zilizobaki za siku

Mkirudi ndani ya mwamba na maji yamepwa, simameni katika bustani za matumbawe kwa miwani na mrija wa kupumulia. Usisimame juu ya tumbawe, kwani ni kiumbe hai. Matumbawe ya pwani hii yaliathirika vibaya na joto la bahari la mwaka wa 1998. Ukitembea juu ya mwamba mkavu vaa viatu vya mpira, na katika maji ya mchanga buruta miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia akimbie kabla hujamkanyaga. Makombe na kauri yaache yalipo, na usinunue kwa anayeyauza.

Alasiri inafaa Mida, ghuba ya mikoko iliyo nyuma ya Watamu. Jamii ya hapo imejenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na waelekezaji wake watakuonyesha mkoko, mchu, mkandaa na mlilana, na kazi ya kila mmoja katika nyumba na vyombo vya pwani. Kuanzia Septemba huanza kufika ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia. Nenda maji yanapojaa, ndipo ndege hao husogezwa karibu na daraja. Magofu ya Gede, yaliyoingizwa mwaka wa 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia, na msitu wa Arabuko-Sokoke viko jirani, lakini kila kimoja kinastahili asubuhi yake.

Ikiwa siku zote tatu upepo umewafungia, bado ipo nafasi ndogo. Chukua darubini uende mahali palipoinuka palipo wazi kuelekea bahari, kama rasi ilipo nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi. Nenda baada ya saa 9 alasiri, kwa sababu pwani yetu inatazama mashariki na jua litakuwa limeshapita mgongoni kwako. Pitisha darubini polepole juu ya mstari ambapo mawimbi meupe ya mwamba yanaishia na buluu inaanza, kutoka kusini hadi kaskazini, kisha urudie, na kila upande uupe walau robo saa.